Athi Imemwagiwa: Hironimus Luambano na Mvumo wa Studio Namba Moja

Amplifaya ya taa iliyomo Studio Namba Moja haivumi tena. Taarifa hiyo ilitolewa Jumanne, Juni 17, na msimamizi wa studio, Mwanaisha Kapungu, mbele ya wafanyakazi waliokuwa wakinywa chai. "Nimeiwasha, nimefungua sauti mpaka mwisho, nikadhani haijawaka," alisema. "Ikabidi niguse taa. Imeniunguza."

Habari hiyo inakwenda pamoja na nyingine. Hironimus Luambano, fundi mkuu wa mitambo wa Kituo cha Sauti Luhira, anastaafu Jumatatu, Juni 30, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi. Aliyeinyamazisha amplifaya ni yeye. Alihangaika nayo kwa miaka sita, akaipatia dawa akiwa amebakiza majuma mawili na siku chache kazini.

Hironimus alizaliwa Matogoro mwaka 1965, akasomea umeme, na kuajiriwa hapa Mfaranyaki mwaka 1987. Wakati huo kituo kilikuwa studio tu ya kurekodi kwaya, chenye chumba kimoja kilichobandikwa mikeka ukutani ili sauti isirudi. Redio ilikuja mwaka 1999. Yeye ndiye aliyefunga mtambo wa kwanza wa kurushia matangazo juu ya kilima, na kwa miaka mingi ndiye aliyepanda huko kwa miguu kila radi ilipoupiga. Wako mafundi Mbinga, Namtumbo na Njombe waliojifunza kazi kwake. Wote wanakumbuka kwamba hakuwahi kuwaruhusu kushika bisibisi kabla hawajakaa kimya na kusikiliza kwanza.

Kusikiliza ndiko kulikompa jina. Hironimus ni mwimba besi wa kwaya ya kanisa, na sikio lake analitumia kazini kama anavyolitumia kanisani. Anasema mvumo wa umeme uko wa namna mbili. Kuna mzito, ulio chini kabisa, ambao besi wengi hawaufikii. Huo hutoka kwenye nyaya au kwenye ardhi. Na kuna mwepesi, ambao ni sauti ileile ikiwa imepanda kutoka do ya chini hadi do ya juu. Huo hutoka ndani ya chombo chenyewe, kwenye kapasita zilizochoka. Anayejua kuitofautisha, kwa maelezo yake, ameshamaliza nusu ya kazi.

Ndiyo maana mwandishi yeyote aliyempigia simu kutoka wilayani kulalamika kwamba kinasa sauti kinavuma alijibiwa neno moja: "Imba."

"Niimbe nini, mzee?"

"Imba unachokisikia."

Abdulhamid, mwandishi wetu wa Tunduru, aliimba hivyo katikati ya mnada wa korosho, simu sikioni, macho ameyafumba ili asikosee. Mkulima aliyesimama karibu alimshika bega akampa pole ya msiba. Abdulhamid akaendelea. Upande wa pili Hironimus alisikiliza, akamwambia achomoe chaja ukutani atumie betri. Mvumo ukaisha. Abdulhamid anasema mkulima yule hadi leo akikutana naye sokoni humuuliza kama wamemaliza arobaini.

Amplifaya inayozungumzwa hapa ni kasha la mbao lenye spika mbili, lililovikwa ngozi bandia iliyokuwa nyeusi. Nyuma yake kuna taa sita za kioo za kizamani, ambazo kazi yake ni kukuza sauti, si kuangaza; zikipata moto hung'aa rangi ya chungwa. Ilikuwa mali ya Mletele Jazz, bendi iliyopigia dansi mjini hapa tangu miaka ya sabini hadi ilipovunjika mwaka 1992. Mwaka uliofuata ililetwa kituoni. Mpiga gitaa la solo wa bendi hiyo, Swalehe Mkwinda, sasa ana miaka sabini na minne, anaishi Bombambili, na ndiye pekee aliyebaki hai. Sauti ya gitaa lake ilitoka humo. Amejaribishiwa amplifaya mpya mara mbili, na mara zote mbili alichomoa waya kabla ya kumaliza ubeti. "Hii inasema maneno yangu," alisema, "lakini si kwa sauti yangu."

Mletele Jazz walirekodi nyimbo zao hapahapa mwaka 1988, Hironimus akiwa kwenye mitambo. Miaka minane baadaye kanda zilipoadimika, juu ya kanda hizo zilirekodiwa kwaya. Hakuna nakala iliyopatikana tangu hapo, ingawa imetafutwa mpaka Lindi.

Wimbo unaotafutwa kuliko zote ni "Nisubiri Lumecha". Walioucheza wanaukumbuka kwa jambo moja. Baada ya ubeti wa tatu vyombo vyote vinanyamaza, mpiga gitaa anainua mikono kutoka kwenye nyuzi, na katika kimya hicho mwimbaji, marehemu Fransisko, aliita jina la mwanamke. Jina moja tu. Kisha gitaa likarudi. Katika ukumbi wa dansi Fransisko alikuwa na tabia ya kubadili jina hilo kulingana na aliyekuwepo. Mwaka 1989, kwenye harusi ya Hironimus hapa Mfaranyaki, aliita "Lidwina", jina la bibi harusi. Lidwina Luambano alifariki mwaka 2011. Hironimus amekuwa akitaka wimbo huo urekodiwe tena, kwa gitaa la Swalehe na kupitia amplifaya ileile, na mwaka 2019 mipango ilikuwa imekamilika.

Mwaka huohuo mvumo ukaanza.

Ulikuja mara ya kwanza mwezi Julai, ukazidi mwezi Septemba, ukapungua mvua zilipoanza. Hironimus aliupa jina la nyuki. Alianza kazi kwa utaratibu wake. Alipunguza sauti mpaka sifuri, ili ajue kama kosa liko kabla ya kitufe cha sauti au baada yake. Alichomoa taa moja moja kuanzia ile ya kupokelea gitaa. Alibaini mivumo miwili iliyopandana. Ule mwepesi aliumaliza mwaka 2021, baada ya kuagiza kapasita mpya kupitia kwa jamaa wa Dar es Salaam na kuzisubiri karibu mwaka mzima. Alipoziunga na kuwasha, ukabaki ule mzito, peke yake, wazi zaidi kuliko awali.

Ule mzito ulikuwa na tabia yake. Swalehe akishika nyuzi za gitaa, unafifia. Akiinua mikono, unarudi. Yaani ulisikika mahali pale pale ambapo "Nisubiri Lumecha" unataka kimya.

Zaidi ya hapo kipaza sauti kilikuwa kinauma. Swalehe alikisogelea mwaka 2022 ili aimbe kiitikio, akaruka nyuma ameshika mdomo. "Kimenibusu kwa meno," alilalamika. Hironimus alikivika sponji, kisha akatoka kwenda kuuliza swali ambalo alikuwa akiliuliza kila kiangazi tangu mwaka 1994.

Swali hilo lilikuwa: "Athi imemwagiwa?"

Athi, kwa mafundi wetu, ni njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Kwa jengo letu ni nondo ya shaba iliyopigiliwa nyuma ya ofisi, iliyounganishwa kwa waya na kila soketi. Ardhi ikikauka njia hiyo inaziba, umeme uliovuja unabaki kwenye mabati ya vyombo, amplifaya inavuma na kipaza kinauma. Dawa ya mafundi ni kumwagilia maji mahali pale wakati wa kiangazi. Mwaka 1994 Hironimus alimpa kazi hiyo mama wa usafi wa wakati ule, Mama Sabra: kila Jumatatu na Alhamisi amwagilie athi, kule nyuma. Mama Sabra hakukosa hata kiangazi kimoja, naye alipostaafu alimkabidhi kazi hiyo Zuhra, aliyepo hadi sasa.

Kwa hiyo mwaka 2022, kama miaka yote, jibu lilikuwa: "Imemwagiwa, baba. Mwenyewe nimeimwagia asubuhi." Hironimus alirudi studio akaendelea kutafuta nyuki ndani ya kasha. Alibadili nyaya za gitaa. Aliihamisha amplifaya mbali na friji ya ukuta wa pili. Alizima taa zote za jengo, akazima kompyuta zote, na siku moja akazima na redio yenyewe kwa dakika chache, jambo lililoleta kikao. Alipima kila kitu isipokuwa kile alichokuwa akiambiwa kila juma kwamba kiko sawa.

Watu walitania. Swalehe kila alipokutana naye alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "We Mngoni, bado unafuga nyuki?" Hironimus alimjibu aje na bakuli aonje asali. Lakini kadiri miaka ilivyokwenda utani ulipungua. Vidole vya Swalehe vilianza kukakamaa asubuhi. "Zamani tulivuma sisi," alisema mwaka jana, amekaa mbele ya amplifaya bila kuigusa. "Sasa inavuma yenyewe."

Machi mwaka huu uongozi ulitoa uamuzi. Kama Hironimus ataondoka na mvumo ukiwa haujaisha, amplifaya itatolewa vyombo vyake vya ndani, kasha lisafishwe na kuwekwa mapokezi kama pambo. Sababu iliyotolewa ni kwamba hakuna fundi mwingine kituoni anayezijua taa hizo, na ndani yake kuna umeme wa kuua mtu. Hironimus hakupinga. Aliomba tu apewe studio kila Jumamosi hadi mwisho wa Juni.

Jumatano, Juni 11, alikuwa amepita mapokezi kubadili balbu. Dorine, mpokea wageni, alikuwa ameagizwa aandae nafasi ya pambo hilo, na alikuwa anasogeza viti. Kwenye kona palikuwa na ndoo kubwa ya rangi, ndani yake ua la majani mapana mekundu, limestawi hadi usawa wa dirisha. Dorine aliishika ndoo. Zuhra akaacha dekio.

"Dada Dorine, sogeza vyote, athi usiiguse. Yule baba anaondoka mwezi huu. Akikuta imenyauka utamwambia nini?"

Hironimus alishuka ngazi, balbu mkononi.

"Zuhra. Asiguse nini?"

"Shikamoo, baba. Athi."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Si hii hapa," Zuhra alisema akionyesha ua. "Leo sijaimwagia, zamu yake kesho."

Kwa maelezo ya Dorine, Hironimus alilitazama ua kwa muda, akakaa kwenye benchi la wageni, akacheka mpaka akavua miwani. Zuhra alidhani amekasirika. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, ua hilo lilikuwa limeota wapi kabla ya kuletwa ndani. Zuhra alimpeleka nyuma ya jengo, akapiga kisigino juu ya sakafu ya pevingi. "Hapa, baba. Hapahapa."

Maelezo yaliyokusanywa siku hiyo, pamoja na ya Mama Sabra kwa simu, yanaonyesha kilichotokea. Mama Sabra alipoambiwa amwagilie athi kule nyuma, alikwenda akakuta kitu kimoja tu kinachofaa kumwagiliwa, ua. Kichwa cha nondo kilikuwa kando ya shina, kimefunikwa na majani. Aliamini athi ni jina la ua, na kwa kuwa Baba Luambano aliliulizia kila mara, aliamini analipenda. Maji yakafika kote kuwili na hakuna aliyedhurika kwa miaka ishirini na mitano. Mwaka 2019 uwanja wa nyuma uliwekwa pevingi ili wageni wasikanyage tope. Hironimus alikuwa kilimani juma hilo, mtambo umepigwa na radi. Zuhra alipoona mafundi wanataka kuling'oa ua na kulitupa, alilihamishia kwenye ndoo. Hironimus aliporudi, swali lake la kwanza lilikuwa kama mafundi wameiacha athi wazi. "Athi tumeiokoa, baba," Zuhra alimjibu. "Ipo salama."

Tangu hapo nondo ilikuwa chini ya saruji, na ua lilikuwa linakunywa kwa zamu.

Kabla ya kuvunja kitu, Hironimus alipima. Alichukua balbu ileile aliyokuwa nayo, akaiunga kati ya waya wa moto na waya wa athi. Athi ikiwa nzima, balbu huwaka kwa nguvu. Hiyo iliwaka kama kijinga cha moto kinachotaka kuzimika. Ndipo vilipong'olewa vitofali vinne. Udongo wa chini ulikuwa mkavu, mwepesi kama majivu. Zuhra alileta maji. Ndoo ya kwanza iliingia yote bila kubakisha hata unyevu juu. Ya pili nayo. Wakati wa ndoo ya tatu balbu ilianza kupanda, na kutoka dirisha la studio, ambako amplifaya ilikuwa imeachwa inawaka, Mwanaisha alitoa kichwa akapaza sauti: "Mmefanya nini huko? Nyuki wanahama!"

"Kwa hiyo, baba, miaka yote hii namwagilia jani?" Zuhra aliuliza.

"Na umelimwagilia vizuri," Hironimus alimjibu. "Limenenepa kuliko kituo."

Zuhra aliomba radhi. Hironimus alisema hakuna cha kuombea radhi, kwa kuwa yeye hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote nondo ile; alisema tu athi, athi, akaondoka. Siku zilizofuata alipigilia nondo mpya, ndefu zaidi, akaizungushia mkaa na chumvi kama mafundi wanavyofanya, akaacha shimo lenye mfuniko wa chuma. Jumatatu, Juni 16, aliwapeleka wafanyakazi wote pale, kuanzia mkurugenzi, kila mmoja akainama akaishika. Inafaa kusemwa wazi: kwa viangazi sita jengo hili halikuwa na kinga ya kuaminika dhidi ya umeme uliovuja, na kumwondoa nyuki kulikuwa faida ndogo ya kazi hiyo. Uamuzi wa kuifanya amplifaya pambo umefutwa.

Siku mbili baadaye Swalehe Mkwinda aliletwa na bodaboda kutoka Bombambili, gitaa mapajani. Hakusalimia watu wengi. Alichomeka waya, akasubiri taa zipate moto, akakigusa kipaza kwa kidole kwanza, kisha kwa mdomo. Hakikumuuma. Akaanza "Nisubiri Lumecha" taratibu, akirudia mahali vidole vilipomkatalia.

Baada ya ubeti wa tatu aliinua mikono.

Hakuna kilichosikika ndani ya studio. Nje pikipiki ilipita ikielekea sokoni. Fransisko, aliyetakiwa kuita pale, alifariki mwaka 2003, na hakuna aliyeita. Swalehe alihesabu kwa kichwa, akakiacha kimya kiende urefu wake wote, halafu akarudi na gitaa, mahali penyewe. Alipomaliza alisema, "Nilikuwa namsubiri." Hironimus alikuwa kwenye mitambo, nyuma ya kioo. Alizima taa za amplifaya mwenyewe, moja ya kazi ambazo huwaachia wengine, akasimama hapo mpaka rangi ya chungwa ilipoisha kabisa kwenye vioo. Alipoulizwa na jarida hili anajisikiaje, alisema athi iangaliwe tena mwisho wa Agosti, ardhi itakapokuwa imekauka zaidi.

Anarudi Matogoro, ambako ana shamba la mahindi na nyumba ambayo, kwa kauli yake, haijawahi kupata fundi umeme kwa sababu fundi alikuwa kazini. Kwaya yake inafanya mazoezi mara mbili kwa juma na imeshamwambia kwamba sasa hana kisingizio cha kukosa. Wafanyakazi wa Luhira wanamshukuru kwa kila tangazo lililofika hewani likiwa safi, na kwa kuwazoeza watu waliokuwa na haraka kunyamaza wasikilize. Tunamwombea afya, mvua kwa wakati wake, na nyumba yenye sauti za watu.

Kurekodi "Nisubiri Lumecha" kutafanyika Jumamosi, Juni 28, saa nne asubuhi, Studio Namba Moja. Mitambo itaendeshwa na Mwanaisha Kapungu. Watakaopenda kucheza wanaruhusiwa, wavue viatu. Kipaza cha pili kitafungwa upande wa kushoto wa Swalehe, kwa ajili ya Hironimus Luambano, ambaye ameombwa kuita jina baada ya ubeti wa tatu.